Mheshimiwa, mkono wa pili usipigwe: barua ya wazi kuhusu ukuta wa Mama Vitumbua

Kumb. Na.: Haina. Barua tatu za mwanzo zilikuwa nayo, zikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, na mpaka leo bado zinapokelewa.

Mheshimiwa,

YAH: UKUTA WA MAMA VITUMBUA, NA KIDOGO BAISKELI YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii inakukuta buheri wa afya. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo nalo nitalifikia.

Sitaitaja manispaa yako wala mtaa wetu. Dar es Salaam ina kuta nyingi, na ukuta unaopakwa chokaa haraka haraka kwa sababu kuna mgeni anakuja si wa kwetu peke yake. Wewe utajijua. Ninayo picha yako umesimama mbele ya ukuta huo huo, koti la bluu, dole gumba juu, unacheka. Niliipiga mimi. Tutairudia.

Kazi yangu ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Januari silali, Machi sina kazi. Jumapili alfajiri napanda baiskeli yangu ya Phoenix na kuzunguka mji nikitafuta michoro ya ukutani niipige picha. Nilianza mwaka 2014 kwa simu ambayo picha zake zilikuwa kama zimepigwa chini ya maji, sasa nina kamera ndogo ya mtumba. Mke wangu huwaambia majirani kwamba mume wake ana mchepuko, na mchepuko wenyewe ni ukuta.

Shughuli hii haifanyiki kwa gari, Mheshimiwa, na pengine ndiyo sababu mji wako huujui. Ukiwa nyuma ya kioo cheusi, ukuta unapita tu. Kwa miguu utachoka kabla hujaimaliza Keko. Baiskeli inaingia uchochoro ambao bajaji inakwama, inapita juu ya ubao uliolazwa kwenye mtaro, na ukinusa rangi mbichi unaweka mguu chini hapo hapo. Kariakoo nafika kabla ya saa moja, kwa sababu machinga wakishapanga, ukuta wote unafunikwa na suruali. Mtaa wa Msimbazi nyekundu ya Simba, Jangwani kijani na njano ya Yanga, na mimi shabiki wa timu gani sikuambii, maana naona unaweza kulifanyia kazi hilo. Kinondoni na Mwananyamala ni mji wa vinyozi. Kuna mmoja ukuta wake una vichwa sita vya mitindo ya nywele, na cha tano kimeandikwa SAMATTA. Mimi naona ni shemeji yake Samatta, lakini mchoraji alijitahidi kwenye masikio. Namalizia Mikocheni, pale Nafasi, kituo cha sanaa, ambapo tangu mwaka 2008 wasanii wamegeuza makontena kuwa karakana na kila kontena lina ngozi yake. Machata, yaani grafiti za ukutani, ya vijana wa kikundi cha Wachata nayajua kwa mwandiko, kama mwalimu anavyojua madaftari ya darasa lake.

Katikati ya hayo nasoma kuta za kawaida. Kuta za mji huu, usipozichora, husema mambo matatu tu. USIKOJOE HAPA FAINI 50,000. NYUMBA HII HAIUZWI OGOPA MATAPELI. Na X nyekundu. Hiyo ya tatu ndiyo mchango wenu katika sanaa. Nakiri mkono ni thabiti, mistari miwili, hakuna anayeuliza mchoraji alikuwa anamaanisha nini.

Ukuta wetu ulikuwa wa aina ya kwanza. Umezunguka uwanja wa mpira wa watoto, upande wa kisima, na kwa miaka mingi hapakupitika pale bila kuziba pua. Faini iliandikwa, ikaandikwa tena kwa herufi kubwa zaidi, na watu wakaendelea kuisoma wakiwa wanafanya lile lile ililokuwa inawakataza. Kisha dogo mmoja wa mtaani, ambaye kazi yake ni kupaka mageti rangi, akamchora Mama Vitumbua.

Wewe hukumfahamu. Alikaa nje ya shule ya msingi miaka zaidi ya ishirini na jiko lake la mkaa, hadi alipofariki. Dogo kamchora ameketi kwenye kigoda, mkubwa kuliko mtu wa kweli, khanga yake imeandikwa WEMA HAUOZI, kijiti mkononi, anageuza. Chuma cha vitumbua kina mashimo saba. Sita yamejaa, la saba ni tupu. Niliteremka kwenye baiskeli nikamuuliza dogo kama amesahau. Akaniambia, "Hapana mzee, hicho cha saba kimeshachukuliwa na mtoto asiye na hela." Kweli yule mama alikuwa na kawaida hiyo, kila chuma kitumbua kimoja hakiuzwi. Kwenye mafuta dogo akapitisha vanishi, hivi kwamba jua la saa moja na nusu likipiga, mafuta yanang'aa kama yanachemka. Nina picha kumi na mbili za hayo mafuta tu. Nilikuwa nazo.

Tangu siku ile hakuna aliyekojoa pale, Mheshimiwa. Hata walevi. Nani afungue zipu mbele ya mama yake?

Sasa Jumanne iliyopita, saa moja kasoro, dogo akanipigia simu. "Mzee, njoo na kamera, wanampaka mama chokaa." Nikaacha kaptula za darasa la tatu kwenye cherehani. Nilikuta vijana watatu wenye ndoo na brashi za katani, mgambo wawili wamekaa kivulini, na mama tayari amefika kiunoni, yaani kuanzia kiunoni kwenda chini hayupo. Nikapiga picha moja, ya pili. Mgambo akaja. "Mzee, kibali cha kupiga picha kiko wapi?" Nami nikamjibu kwamba cha kupaka chokaa nacho kiko wapi. Nakiri hilo jibu halikuwa la busara kwa mtu wa umri wangu.

Baiskeli ikatupwa kwenye pikapu. Nilipoishikilia kerieri, pikapu ikaondoka, nami nikaondoka nayo hatua kama tatu. Hilo ndilo goti.

Yadi yenu nilikwenda Jumatano, mwenye ufunguo hayupo. Alhamisi ufunguo upo, mwenye daftari hayupo. Ijumaa nikakomboa baiskeli kwa shilingi elfu thelathini, nikaomba risiti, nikaambiwa mashine haina karatasi. Ringi la mbele limepinda, kengele imeng'olewa. Kamera nimerudishiwa, memori kadi ikiwa safi kabisa, kama siku niliyoinunua. Picha za karibu miezi saba zimekwenda, pamoja na kuta mbili za Temeke ambazo zimeshavunjwa na sitazipata tena popote. Kuhusu kengele sitaki kusema mengi. Ila mtu aliyeing'oa kengele ya baiskeli ya fundi cherehani mwenye goti bovu ningependa siku moja nimshonee suruali.

Turudi kwenye picha yako. Mwaka juzi ulikuja kwenye mkutano wa hadhara, ukala pilau ya akina mama wa kikundi, ukaomba upigwe picha mbele ya Mama Vitumbua. Ukasema mbele ya watu, na mimi nikaandika kwenye daftari langu la vipimo, kati ya kiuno cha mtoto mmoja na urefu wa mikono wa mwingine: vijana, kuta hizi ni zenu, ndoo kumi za rangi zitakuja kabla ya mwezi kwisha, na huyu mzee wa baiskeli apewe kitambulisho asisumbuliwe. Watu wakapiga makofi. Nikampa katibu wako picha mbili za paspoti, mandhari ya bluu, kwa gharama yangu. Mwezi haujaisha hadi leo, ni mwezi mrefu sana. Picha yako ukaagiza iwekwe kwenye fremu, nikaiweka, ikapelekwa ofisini, na shilingi elfu kumi na tano ya fremu nimeamua kutokukudai. Naitaja tu.

Kwa nini mmempaka chokaa sijaambiwa, kwa hiyo nabaki na yanayosemwa kijiweni. Wengine wanasema kuna ugeni mzito na barabara itokayo kisimani lazima iwe nyeupe. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Kwetu mgeni hata hajafika, mwenyeji keshapakwa chokaa. Muuza kahawa, ambaye hukosea mara chache, anasema kampuni moja ya simu inautaka ukuta wote uwe na rangi yake, kama ilivyofanya kwenye maduka nusu ya mtaa. Mimi binafsi nafikiri kuna mtu ofisini aliandika "kuta zisafishwe", mwingine akasoma, na hakuna aliyekuja kutazama. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ukorofi una mtu wa kugombana naye.

Kama ni uchafu, basi tuseme uchafu ni nini. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kutoka Tunduru, alipoanza kuchora pale Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuwa na rangi za wasanii. Alichukua rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, akachora wanyama juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, akiwa na miaka michache tu kwenye kazi hiyo. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima, wageni wanaubeba kwenye mabegi hadi Japan, na sitashangaa kama ofisini kwako kuna mmoja, twiga au kanga, jirani na fremu yangu. Rangi ya baiskeli, Mheshimiwa! Dogo wetu naye alitumia mabaki ya makopo ya mageti, na kopo moja la kijani nilimpa mimi, lilibaki nilipoipaka Phoenix. Khanga ya mama ina rangi moja na baiskeli yangu. Tofauti ni kwamba sisi tukisema Tingatinga tunamkumbuka mchoraji, na ofisi yako ikisema tingatinga watu wanaanza kutoa vyombo nje.

Nilikuwa na madai mengi nilipoanza kuandika. Ringi, kengele, elfu thelathini, picha za Temeke, kitambulisho, ndoo kumi, na yule mgambo aombe radhi mbele ya watu. Nimeyaandika na kuyafuta kwa sababu jana usiku mvua ya vuli ilinyesha, na leo alfajiri nimekwenda kuangalia, kwa miguu, nikiikokota baiskeli.

Chokaa haikai juu ya rangi ya mafuta. Fundi rangi yeyote angewaambia kama mngemuuliza. Maji yameteremka nayo, imefanya mistari mieupe hadi kwenye mchanga, na palipobaki imelowa ikawa kama kitambaa cha chachi. Mama anaonekana. Kijiti kinaonekana, mashimo yote saba yanaonekana, na kwenye mafuta, pale penye vanishi, chokaa haikushika kabisa, pako vile vile. Watoto watatu walikuwa wamechuchumaa wanakwangua mguu wa kigoda kwa kifuniko cha soda. Niliwauliza nani kawatuma. Wakakimbia.

Lakini wale vijana wa brashi waliniambia wenyewe kwamba chokaa ni mkono wa kwanza. Mkono wa pili ni rangi ya mafuta, nyeupe, na wanarudi kesho Jumatatu. Huo ukishapigwa basi, hakuna mvua wala kifuniko cha soda kitakachomtoa mama mle ndani.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja. Ringi nitalinyoosha. Kengele nitanunua, au nitapiga mluzi. Kitambulisho kaa nacho, na picha zangu mbili za paspoti pia kaa nazo. Mpigie simu mtu yeyote anayewapigia simu wale vijana, umwambie ndoo zibaki stoo. Akikuuliza sababu, mwambie mgeni atapelekwa kuona sanaa ya wananchi, ni lugha mnayoielewa. Mkono wa pili usipigwe, Mheshimiwa. Huo mmoja tutausugua wenyewe kwa maji na magunzi, wala hatutadai posho.

Kuanzia kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa pale, upande wa kisima, nimeketi. Kamera ninayo, memori kadi nimeazima.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi cherehani, mwenye Phoenix ya kijani isiyo na kengele

Nakala: Mwenyekiti wa serikali ya mtaa (ambaye ameniomba nisimtaje kuwa ameisoma kabla)
Ubao wa matangazo, kijiwe cha kahawa
Katibu wako, pamoja na salamu