Kutetemeka si kutikisika, wala si degedege

Ndugu Mhariri,

Tunaomba waandishi wako walitumie neno "kutetemeka" kwa uangalifu. Siku hizi kila kinachosogea magazetini kinatetemeka.

Kutetema, au kutetemeka kama wengi tulivyozoea, ni kucheza harakaharaka na kidogokidogo, kitu kikiwa palepale kilipo. Midomo hutetemeka kwa baridi, sauti kwa kilio. Lori la korosho likipita, vioo vya madirisha hutetema. Lakini mnazi unaopigwa na kusi hautetemeki; unayumba, kwa kuwa mwendo wake ni mpana. Ndege aliyenaswa hupapatika. Mwoga hugwaya, na hapo hakuna haja ya kuongeza "kwa hofu", maana hofu imo ndani ya neno lenyewe. Ukope hucheza. Na uchumi hautetemeki, hutetereka! Kwa upande wa nomino, simu ina mtetemo, ardhi ina tetemeko, kama lile la Kagera la Septemba 10, 2016.

Panapotuuma hasa ni kwenye habari za afya. Mtoto anayetetemeka kwa homa ya malaria kwa kawaida ana fahamu zake: ukimwita anaitika, anajikunyata, anataka kufunikwa. Mwenye degedege hasikii. Mwili hukakamaa, mikono na miguu hurukaruka kwa mshtuko, macho hugeuka juu. Kwa mtoto mchanga, mshike taratibu mkono unaocheza: kama ni kutetemeka tu, hutulia, degedege haitulii kwa kushikwa. Sasa mwandishi anapoandika "mtoto alitetemeka kisha akapoteza maisha", mzazi wa Nachingwea au Newala atajuaje kwamba mtoto huyo alihitaji kulazwa ubavu, asitiwe kijiko wala dawa mdomoni, na kukimbizwa kituo cha afya saa ileile?

Liandikeni degedege kwa jina lake. Tunajua huku pwani neno hilo limezungukwa na imani za ndege na mashetani, na huenda ndiyo sababu waandishi wanalikwepa. Hata hivyo ndilo analolielewa mama, na ndilo analolitamka akifika kwa muuguzi. Wala "kifafa" lisishike nafasi yake: kifafa hujirudia hata pasipo homa, ilhali degedege ya watoto wadogo mara nyingi huja pamoja na homa.

Walimu wa Kiswahili,
Lindi