Ulaya iliunganisha watendaji, si jumuiya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo linalojirudia kila inapoandikwa historia ya Umoja wa Ulaya: kwamba Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini Aprili 8, 1965, ulizifanya jumuiya tatu za Ulaya, yaani ya makaa ya mawe na chuma, ya uchumi, na ya nishati ya atomiki, kuwa moja. Haukufanya hivyo. Uliunganisha vyombo vya utendaji pamoja na mabaraza ya mawaziri. Jumuiya zenyewe zilibaki tatu, kila moja na mkataba wake.

Nchi wanachama zilikuwa sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Mamlaka Kuu, chombo cha utendaji cha jumuiya ya makaa ya mawe na chuma, yenye wajumbe 9, ilikaa mjini Luxembourg tangu 1952. Mikataba ya Roma, iliyounda jumuiya nyingine mbili, ilipoanza kazi Januari 1, 1958, ziliongezeka kamisheni mbili mjini Brussels: ya Jumuiya ya Uchumi, wajumbe 9, na ya nishati ya atomiki, Euratom, wajumbe 5. Jumla 23. Bunge na Mahakama vilikuwa vya pamoja tangu mwaka huo.

Ubaya wa mgawanyo huo ulionekana zaidi kwenye nishati. Makaa ya mawe yalikuwa chini ya Mamlaka Kuu, nyuklia chini ya Euratom, mafuta na gesi chini ya Jumuiya ya Uchumi. Makaa yalipokosa soko mwishoni mwa miaka ya 1950, sababu mojawapo ilikuwa mafuta ya bei nafuu kutoka nje, bidhaa ambayo Mamlaka Kuu haikuwa na mkono juu yake. Mwaka 1959 iliomba itangazwe hali ya mgogoro ili uzalishaji udhibitiwe. Baraza la mawaziri likakataa.

Chini ya mkataba wa 1965 ikaundwa Kamisheni moja na Baraza moja. Ili wakubwa wa zamani wasitupwe nje wote kwa mpigo, Kamisheni ilianza na wajumbe 14: watatu watatu kwa nchi tatu kubwa, wawili wawili kwa Ubelgiji na Uholanzi, mmoja wa Luxembourg. Baada ya miaka isiyozidi mitatu walitakiwa kurudi 9. Naona huo ulikuwa ujanja wa busara, kwa sababu idadi ya viti ndiyo hukwamisha muungano wowote wa ofisi.

Kazi ngumu ilikuwa madaraka. Kamisheni mpya ilirithi ya wote watatu, lakini ililazimika kuyatumia kwa mujibu wa mkataba husika. Kwenye makaa na chuma ilitoa uamuzi yenyewe, ukaibana kampuni moja kwa moja. Kwenye uchumi, kwa mambo mengi ilipendekeza tu, Baraza likaamua. Hata kwenda mahakamani kulikuwa na njia mbili. Kampuni ya chuma iliyopinga uamuzi ilitumia kifungu cha 33 cha mkataba wa makaa na chuma wa 1951, na muda wake ulikuwa mwezi mmoja. Kampuni ya bidhaa nyingine ilitumia kifungu cha 173 cha mkataba wa Roma, na ilipewa miezi miwili. Mlalamikiwa ni yuleyule! Wakili aliyehesabu siku kwa mkataba usiohusika alikuta mlango umefungwa.

Fedha nazo ziliunganishwa nusunusu. Gharama za utawala ziliwekwa kwenye bajeti moja, na mchango wa tozo ya makaa na chuma ukapangwa kuwa vipimo vya hesabu (kizio cha fedha cha vitabuni cha jumuiya) milioni 18. Fedha za uendeshaji za makaa na chuma, na bajeti ya utafiti na uwekezaji ya Euratom, zilibaki kando.

Luxembourg iliyokuwa inaipoteza Mamlaka Kuu haikukubali bure. Siku ileile ya kusaini, serikali ziliafikiana Baraza likutane huko kila Aprili, Juni na Oktoba, Mahakama ibaki, na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ihamie huko. Wanaolalamikia safari za maofisa wa Ulaya kati ya miji mitatu, Brussels, Luxembourg na Strasbourg, wasome uamuzi huo kwanza.

Kusaini ni 1965, kuanza kazi ni Julai 1, 1967. Katikati Ufaransa ilisusia vikao vya Baraza kuanzia Julai 1965 hadi mwafaka wa Luxembourg, Januari 1966. Kisha ukaja mvutano wa nani aongoze: Rais de Gaulle wa Ufaransa hakumtaka Walter Hallstein, aliyeiongoza Kamisheni ya Uchumi tangu 1958. Hallstein akajiondoa, kiti akakalia Mbelgiji Jean Rey.

Waliouandika mkataba walitarajia ufuate mwingine wa kuunda jumuiya moja. Mwaka 1970 wajumbe walipunguzwa kweli hadi 9, ila mkataba huo haukuja. Ule wa makaa na chuma ulikoma Julai 23, 2002, miaka yake 50 ilipotimia. Euratom ingali na mkataba wake hadi leo, ikiendeshwa na Kamisheni ileile.

Msomaji wako