Barua ya malalamiko: seti ya umeme na kabureta mliyoniuzia kwa ajili ya Triumph TR6

Kiborloni,
Moshi.
14 Julai 2025

Meneja,
Kampuni ya Vipuri vya Pikipiki,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: SETI YA UMEME NA KABURETA YA PIKIPIKI TRIUMPH TR6 YA 1968

Nimechoka na majibu ya WhatsApp, ndiyo maana naandika barua. Mwezi Aprili nilinunua dukani kwenu, kwa Sh 1,480,000, kile ambacho kijana wenu wa kaunta alikiita seti kamili ya kuachana na pointi na kondensa, vile vifaa vya zamani vya kukata umeme ili plagi itoe cheche: boksi la umeme la kuamuru cheche, sahani na rota yake ya sumaku, koili mbili za kukuza umeme wa plagi, pamoja na kabureta mpya ya milimita 34 "iliyokwisha kusetiwa". Nakala ya risiti ya EFD nimeiambatanisha. Seti ile haikuwa kamili, wala haikuwa ya pikipiki hii. Nilivumilia hayo. Kilichonishinda ni ujumbe wenu wa mwisho, kwamba kosa ni la "fundi wa bodaboda asiyejua umeme wa kisasa".

Sikuja kwenu kwa kufuata mtindo. TR6 ya mwaka ule inawashwa na pointi mbili, moja kwa kila silinda, chini ya kifuniko kilichopo upande wa kulia wa injini. Nyuma yake kuna vizito viwili na springi zake, kazi yao ni kuuwahisha moto kadiri injini inavyozunguka kasi. Vikichakaa, taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, inayumba, silinda moja inawahi na nyingine inachelewa, na ukiiacha injini ingurume taratibu inakohoa. Vyangu vimechakaa. Nilitaka mfumo usiosuguana, na hilo ndilo nililowaeleza pale kaunta, nikawatajia aina na mwaka wa pikipiki, na kijana wenu akaviandika kwenye risiti. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema sasa kwamba hamkujua inakwenda kufungwa wapi.

Triumph hii imefungwa umeme kinyume na pikipiki zilizojaa mjini leo. Kwenye Boxer au TVS, hasi ya betri ndiyo inayokwenda kwenye fremu. Kwenye hii ni chanya. Waingereza wa Meriden walizitoa hivyo kiwandani, na yeyote anayeuza vifaa vya pikipiki za zamani analijua hilo kabla hajajua bei ya plagi. Karatasi ya maelekezo mliyoichapa nyinyi wenyewe inasema waya mwekundu ufungwe kwenye swichi na mweusi kwenye fremu. Ukifanya hivyo kwenye TR6, unaliingizia boksi umeme kinyumenyume.

Fundi wangu aliliona. Ni mzee wa Pasua, hapa Moshi, aliyeanza kufungua injini enzi za Honda 50, na alikataa kuunganisha mpaka awapigie simu. Nilikuwepo, simu iko kwenye spika. Akauliza mara ya kwanza, akajibiwa afuate karatasi. Akabisha, akaambiwa boksi limetengenezwa kupokea pande zote mbili. Tukaunganisha kama mlivyosema, swichi ikafunguliwa, na harufu ya plastiki ikatujulisha kwamba halikutengenezwa hivyo.

Boksi la pili mliniuzia kwa nusu bei, kwa maneno yenu "kwa huruma". Hilo mzee alilifunga anavyojua yeye, akaweka taimingi kwa taa: nyuzi 38 kabla ya pistoni kufika juu, akiangalia alama ya rota kupitia kile kifuniko kidogo cha mviringo upande wa kushoto. Injini ikawaka, lakini kwa kupiga kiki hadi goti linalia, na ikishapata moto haitaki kabisa. Cheche zilikuwa nyembamba, za rangi ya machungwa. Hapo ndipo tulipozipima koili zenu.

Boksi la aina hii, kwa injini ya silinda mbili, linaziendesha koili mbili zilizofungwa mfululizo, moja baada ya nyingine. Volti 12 za betri zinagawanyika, kila koili inapata 6. Ndiyo maana zinatakiwa koili za volti 6, au koili moja ya volti 12 yenye matundu mawili ya plagi. Nyinyi mmenipa mbili za volti 12. Mita ilionyesha ukinzani wa zaidi ya om 3 kwa kila moja, na zote pamoja zikakaribia 7, wakati koili ya volti 6 ni kama om 1.7 hivi. Ni sawa na kumpa punda mmoja mzigo wa wawili halafu ukamlaumu kwa kuchelewa sokoni. Kuzifunga sambamba, kila moja ipate volti 12 zote, nako hakufai, maana boksi litabeba umeme kupita uwezo wake, na tayari tunajua maboksi yenu yanavyokufa. Mzee aliazima koili mbili za volti 6 kutoka kwenye pikipiki mbovu ya jamaa yake, akaziweka, na injini ikashika kwa kiki ya kwanza. Taimingi ile ile, waya zile zile, fundi yule yule wa bodaboda.

Kabureta nayo. Mjini Moshi, mita 800 na ushei juu ya bahari, inavumilika. Ukitoka Himo kupanda Marangu inaanza kusongwa, ekzosi inatoa moshi mweusi, na plagi zinatoka na masizi utadhani zimechomolewa jikoni. Sababu si siri: kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, inaendelea kumwaga petroli ile ile, mchanganyiko unazidiwa na mafuta. Dawa yake ni jeti kuu kupunguzwa namba, na sindano ya kabureta kushushwa kidogo. Mlisema imesetiwa kwa ajili ya Kilimanjaro. Duka lenu liko Arusha, mita 1,400 hivi, juu kuliko kwangu. Mngeifunga kwenye injini yoyote ya cc 650 mlangoni kwenu na kuvuta mafuta mara moja, mngeona. Mpira wa petroli uliokuja nayo ni wa maji. Umevimba ndani ya wiki. Sina la kuongeza hapo.

Mmeandika pia kwamba pikipiki za zamani zinasumbuliwa na petroli ya siku hizi isiyo na risasi. Risasi iliondolewa kwenye petroli ya nchi za kusini mwa Sahara kufikia 2006, na miaka yote hiyo pikipiki hii imepanda Marangu na pointi zake bila masizi. Risasi ilisaidia viti vya valvu na kuzuia injini isigonge. Haihusiki na om za koili wala na boksi lililoungua.

Kwa hiyo nataka mnirudishie fedha za boksi la pili, maana la kwanza liliungua kwa maelekezo yenu, na mnibadilishie koili kwa za volti 6 bila nyongeza. Kabureta nitabaki nayo mkinitumia jeti za namba ndogo tatu tofauti na mpira wa petroli halisi. Mkishindwa, ichukueni na mrudishe bei yake. Karatasi ya maelekezo isahihishwe kabla haijamuunguzia mwingine. Na mzee wa Pasua aombwe radhi kwa maandishi, kupitia namba ile ile mliyotumia kumdharau.

Nawapa siku 14. Zikipita, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na risiti inayotaja pikipiki niliyowaambia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji aliyeelezwa matumizi ya bidhaa atoe bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Boksi lililoungua na koili zote mbili nimezihifadhi. Mkitaka kuzikagua nitazipakia kwenye basi la Arusha, nauli ya mzigo mtalipa nyinyi mkiupokea.

Mteja wenu,
Mwenye Triumph TR6, Moshi

Nakala: Fundi, Pasua