Mwanangu, nakuandikia habari za panya

Gantiwarno, Klaten, Java, Indonesia
Desemba 2025

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Mvua imeshika, mlima Merapi hatujauona wiki nzima kwa mawingu, na nguo hazikauki.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza, "Mama, hivi mwishowe nichukue pasi ipi, ya Tanzania au ya Indonesia?" halafu unacheka, kama mtu anayeuliza avae kandambili zipi. Ndiyo maana sikukujibu kwa simu. Nilimsikilizisha baba yako. Akanyamaza, akawasha kreteki, ile sigara yao ya karafuu, akaivuta mpaka nusu, ndipo akasema kwa kile Kiswahili chake cha Muscat: "Wewe mwandikie habari za panya." Unawajua watu wa kwao, neno zito hawampi mtu mkononi. Mimi mtu wa Mombo, kwetu tunasema. Lakini nitamtii kidogo, nianze na panya.

Panya wa msimu huu hawana haya. Wanaingia katikati ya jaruba, wanakata mashina, mpunga wa kandokando wanauacha umesimama. Ukipita barabarani na pikipiki unasema mashallah. Ukishuka kwenye tuta ukachungulia, katikati pana upara kama wa mzee. Jumapili kentongan, ile ngoma ya gogo, ikapigwa kwa Pak RT (mimi moyoni namwita balozi, maana kazi yake ni ile ile ya nyumba kumi), wanaume wakatoka na majembe, fimbo na salfa, wakafukiza mashimo huku watoto wakipiga kelele upande wa pili. Walipata panya mia na ushee. Pakde, baba yako mkubwa, anataka kuzungushia nyaya za umeme. Baba yako amekataa katakata. Kule Sragen wakulima wamekufa kwa nyaya walizotegea panya, usiku, mtu kaenda kuangalia shamba lake mwenyewe.

Jaruba lililoliwa zaidi ni lile la chini, kando ya mfereji. Habari ya jaruba hilo hujaambiwa yote.

Unajua kwamba mimi na baba yako tulikutana Oman, yeye dereva, mimi yaya, kwenye nyumba ya Waomani wenye asili ya Unguja ambako lugha ya jikoni ilikuwa Kiswahili. Nilikuja huku naye mwaka 2006. Sikujua Kijava hata neno. Sokoni nikagundua kwamba nao, kama sisi, wana jina la mpunga shambani, jina la mchele dukani na jina la wali sahanini: pari, beras, sega. Nikasema basi, nimefika kwa watu. Sikuwa nimemaliza miezi mitatu, tarehe 27 Mei, alfajiri karibu na saa kumi na mbili, ardhi ikatikisika. Simbah, mama wa baba yako, alinivuta kwa kanga, nikamwagika uani pamoja naye, na nyumba nyuma yetu ikashuka. Watu zaidi ya 5,700 walikufa siku ile, Yogyakarta na huku kwetu Klaten. Hayo umeyasikia kila mwaka. Usilosikia ni hili: mchana wake, watu walipokwisha kuhesabiana, wazee wawili walikwenda ofisi ya kijiji kuulizia daftari. Sikuelewa. Maiti hazijazikwa, watu wanauliza daftari?

Daftari lile ndilo Letter C. Limeandika nani ana kipande gani, kama ni cha mpunga au cha nchi kavu, na ni cha daraja gani. Kwa familia nyingi hapa hakuna hati nyingine: jina la babu, namba ya kiwanja, na wino. Shamba letu limo humo kwa jina la babu yako, ambaye alikufa baba yako akiwa shule ya msingi.

Nyumba tuliisimamisha kwa sambatan. Hapakuwa na fundi wa kulipwa ila mmoja, wengine wote walikuwa majirani, leo kwetu, kesho kwa mwenzio, na mwenye nyumba anatoa chai, sigara na chakula cha mchana. Wewe ulizaliwa mwaka 2007 ndani ya nyumba isiyo na dari.

Sasa jaruba la chini. Mwaka 2012 jirani aliliuza, na sisi tulikuwa na akiba ya Muscat. Tukaenda kwa mthibitishaji wa mikataba. Akatazama cheti cha ndoa, akatazama pasi yangu, akafunga faili. Akatueleza kwamba mali inayonunuliwa ndani ya ndoa ni ya wote wawili, nusu ya mgeni, na mgeni haruhusiwi umiliki kamili wa ardhi. Ni sheria ya mwaka 1960. Kwa kuwa hatukuandikiana mkataba wa kutenganisha mali kabla ya kuoana, baba yako, mzaliwa wa hapa, hawezi kununua robo ekari katika kijiji alichotahiriwa, kwa sababu kaoa mimi. Nilikaa kwenye kile kiti nikajiona kama doa kwenye shati la mtu.

Tukafanya wanavyofanya wengi. Tukaliandikisha kwa jina la Pakde.

Miaka mitatu baadaye tunakwenda kuandaa kitalu, tunakuta mtu mwingine anapandikiza. Pakde alikuwa na harusi ya mtoto, akaliweka rehani. Huku rehani ya shamba ni kwamba aliyetoa pesa analima na kuvuna mpaka urudishe pesa yake. Kuna sheria, nayo ya mwaka 1960, inayosema akishalilima miaka 7 alirudishe bure, lakini nani anaenda kumsomea jirani sheria? Mimi nilitaka kwenda kwa Pakde usiku ule ule nikamwage niliyo nayo. Baba yako akanishika mkono, akasema ngoja atakuja.

Akaja siku ya nne, na mkungu wa ndizi. Akakaa barazani. Akazungumza habari za panya kwa muda wa saa mbili. Panya wameingia, panya hawana huruma, mtu akilala kidogo tu panya wanakula alichokabidhiwa. Baba yako akaitikia, naam, panya ni shida. Nami nikaleta chai, nikarudi jikoni, nikaleta tena. Alipoondoka nikauliza, mbona hajasema? Baba yako akashangaa. "Amesema yote. Ameomba radhi, na hana pesa."

Uliwahi kuniuliza bangili zangu za dhahabu ziko wapi, nikakwambia nimeziweka. Niliziweka pale chini, kando ya mfereji. Msimu huu panya wanazila.

Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba huko Jakarta iliamua kwamba mke na mume wanaweza kuandikiana mkataba wa mali hata wakiwa tayari ndani ya ndoa. Mwaka uliofuata tukauandika, na jaruba likarudi kwa jina la baba yako. Yaani ili shamba liwe letu, ilibidi nitie saini kwamba si langu. Nilitia. Simlaumu mtu. Ila nakuambia ili ukisikia "mali" usidhani ni neno jepesi.

Kuna jingine. Tangu Simbah afariki Agosti mwaka jana, urithi ulikuwa haujagawanywa. Hapa hawagawi haraka, wanaona kama kumfukuza marehemu. Lakini kuna kanuni ya mwaka 2021 iliyotoa miaka 5 watu wabadilishe zile kumbukumbu za zamani ziwe hati rasmi, na miaka hiyo inaisha Februari 2026. Baada ya hapo Letter C peke yake haitakuwa ushahidi wa umiliki. Basi wiki mbili zilizopita ndugu wanne walikutana. Kuna njia mbili za kugawa. Moja wanaiita sepikul segendongan: mwanamume anabeba kwa mzegazega, mzigo mbele na mzigo nyuma, mwanamke anabeba mmoja mgongoni, kwa hiyo mbili kwa moja. Nyingine ni dum-dum kupat, vipande sawa kama unavyokata ketupat, ule wali unaopikwa ndani ya majani yaliyosukwa. Nilitegemea Pakde adai mzegazega. Akawa wa kwanza kusema kupat. Sikutarajia, na nadhani ndizi zile hazijamtoka kooni. Nyumba ya Simbah amepewa Bulik, shangazi yako, kwa kuwa ndiye aliyemwogesha na kumlisha miaka yote ile. Hilo halikuzungumzwa hata dakika moja.

Shamba lote la babu lilikuwa bahu moja, kama uwanja wa mpira. Gawa kwa nne. Fungu letu linaanzia golini, halifiki hata duara la katikati. Ile sheria ya 1960 ya ukubwa wa mashamba ilitaka kila familia ya mkulima iwe na hekta 2, nami nikiisikia huwa nacheka peke yangu jikoni. Mkulima wa chini ya nusu hekta wanamwita gurem, jina la utitiri wa kuku. Sisi ni utitiri, mwanangu. Fungu hilo panya wakituhurumia linatoa kama tani moja ya mpunga, na bei ya serikali mwaka huu ni rupia 6,500 kwa kilo. Toa mbolea, hata ya ruzuku, toa trekta, toa vibarua wa kupandikiza. Mara nyingi baba yako anamwita mnunuzi anayenunua mpunga ukiwa bado umesimama; yule anatembea juu ya tuta, anauma punje mbili, anataja pesa, tunabishana kidogo, tunakubali. Ada yako ya chuo haitoki hapo, inatoka kwenye cherehani yangu na kwenye gari la watu analoendesha baba yako. Nakueleza usije ukadhani kuna utajiri unaokungoja.

Sasa pasi.

Umetimiza miaka 18 mwezi wa tatu. Indonesia inakuvumilia na pasi mbili mpaka miaka 21, yaani Machi 2028, na Tanzania haitaki mtu mzima mwenye uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo moja itaondoka. Ukichukua ya Tanzania, huku unakuwa mgeni kama mimi. Mgeni akirithi ardhi ya umiliki kamili anapewa mwaka mmoja aiachie, asipoiachia inakwenda serikalini. Na mnunuzi akijua una mwaka mmoja, haji mwezi wa kwanza, anakuja mwezi wa kumi na moja. Ukichukua ya huku, hati itaandikwa jina lako, na kule Mombo shamba la bibi yako utalitembelea kama mgeni wa heshima, unakaribishwa chai.

Sharti hilo la mwaka mmoja linanihusu na mimi. Hapa ninaishi kwa kibali. Mungu akimtanguliza baba yako, sakafu hii ninayoidekia kila siku haiwezi kuwa yangu. Nilisita sana kuandika sentensi hiyo. Niliifuta jana usiku, leo nimeirudisha, kwa sababu ungekuja kuisoma katika karatasi ya mwanasheria ukajiuliza kwa nini mama alinyamaza. Usinifanye mimi kuwa sababu. Nina ndugu, nina kwetu, na cherehani inabebeka.

Kuhusu mimi mwenyewe kubaki na pasi yangu, baba yako hakuniuliza hata siku moja. Mama yake aliuliza, mara moja, akiwa anachambua mchele: "Huko kwenu nani anaangalia makaburi?" Nikamjibu, kaka zangu. Akatikisa kichwa, akaendelea na mchele.

Nikwambie kitu ninachokipenda huku, kisichoandikwa kwenye hati. Kile kikopo cha plastiki kilichotundikwa mbele ya nyumba, ulikuwa ukikichezea. Kila usiku natia mchele wa kujaa mkono, si zaidi. Walinzi wa zamu wanapita na mfuko, wanakusanya nyumba kwa nyumba, na mchele ule unauzwa, pesa inanunua taa za njia au inakwenda kwa mgonjwa. Nimetia miaka 19. Mwezi uliopita nilishikwa na homa nikalala mapema, kikopo kikabaki kitupu. Asubuhi mke wa Pak RT alikuwa mlangoni na uji, anauliza naumwa nini.

Usiende ubalozini kutia saini kabla hujaja. Mwezi wa tano 2027 Simbah anatimiza siku elfu moja, na siku elfu huku ni kubwa kuliko arobaini yetu. Bulik ameshaanza kuhesabu mbuzi. Nauli ya nusu tunayo. Njoo ulale hapa mwezi mzima, usiku uende na baba yako kuangalia maji, uone kama miguu yako inalitambua lile tuta. Kisha urudi Dar ukamalize masomo, na pasi uchukue utakayochukua.

Msalimie mama mdogo. Mwambie kanga zimefika, ila ile ya bluu imechuja.

Baba yako amepita sasa hivi na tochi anakwenda shambani. Ameuliza kama nimekwisha kukuandikia habari za panya. Nimemwambia ndiyo, zote.

Mama yako