Mkandarasi kaondoka, dhamana iko wapi?

Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi mstaafu, naishi kijijini mkoani Morogoro. Zahanati yetu imekwama kwenye lenta tangu mwaka jana, mkandarasi alipohamisha vifaa vyake usiku. Masika yamepita juu ya kuta zisizo na paa. Tofali za juu ukizikwangua kwa ukucha zinamomonyoka, nondo zimeota kutu. Maji ya kufyatulia tofali hizo mke wangu na wenzake waliyabeba kichwani.

Kinachoniuma ni jibu la ofisini halmashauri: “Tunamtafuta.” Jamani, kumtafuta tu hakutoshi! Mkandarasi anayelipwa malipo ya awali kwa kawaida huyawekea dhamana ya benki au bima, yaani ahadi ya maandishi ya kuzirudisha fedha hizo yeye akishindwa. Ipo pia dhamana ya utendaji, ambayo mwajiri, yaani mwenye mradi, huidai mkandarasi akikiuka mkataba. Lakini dhamana ina tarehe ya mwisho. Ikiisha ikiwa kabatini, fedha imepotea. Yetu bado iko hai? Notisi ya kuvunja mkataba imeandikwa? Bodi ya Usajili wa Makandarasi imearifiwa?

Halmashauri itujibu mkutanoni, na kazi iliyofanyika ipimwe kabla ya masika mengine. Siku ya kupima nitakuja kushika futi kamba, sitaki malipo.

Fundi mwashi mstaafu,
Morogoro