Ala ya kisu imechanika? Usituletee ala peke yake

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na hapa karakanani kwetu Moshi tumeona kuwa ndiye pia anayerudi na ala iliyochanika. Mwenye bucha, mkata majani ya ng'ombe, mpishi wa safari za mlimani, wote huja na neno moja: "Fundi, nipigie uzi hapa tu, umekatika."

Tukipiga uzi hapo tu, mwezi haupiti utarudi. Uzi haukuoza wala haukuwa mbovu. Umekatwa na kisu chako mwenyewe. Mtu anapochomoa kisu hukiegemeza kidogo upande wa makali bila kujijua, na ala nyingi za bei rahisi ni vipande viwili vya ngozi vilivyogandishwa kwa gundi na kushonwa ukingoni, basi. Kati ya makali na uzi hakuna kitu.

Dawa yake ni ukanda mwembamba wa ngozi ngumu unaolazwa katikati ya vile vipande viwili, upande wa makali, kisha vyote vitatu vinashonwa pamoja. Makali yakiegemea yanakutana na ukanda, uzi umejificha nyuma yake. Unene wa ukanda ufuate mgongo wa kisu, ndiyo maana tunakusumbua uje nacho. Picha ya WhatsApp haioneshi unene. Kuna mzee alituchorea kisu chake kwenye boksi la sabuni. Ala ikatoka nzuri kweli, kisu kikagoma kuingia.

Wengine huuliza kwa nini tusipitishe kwenye cherehani tumalize kwa dakika tano. Cherehani hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinazoshikana katikati ya ngozi. Ukikatika mmoja mahali, mshono huanza kuachia jirani zake. Sisi tunatumia uzi mmoja wenye sindano mbili, moja kila ncha. Tunatoboa kwa msharasi, tundu moja kila milimita 3 au 4, na kila tundu linapitiwa na sindano zote mbili, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto. Pindo moja likikatika, yaliyobaki yameshikilia. Kwa mshono wa sentimita 20 tunakata uzi usiopungua sentimita 80, tunaupaka nta ya nyuki, halafu ni kuvuta hadi vidole viume. Hapo ndipo bei inapotoka, si kwenye ngozi.

Ngozi yenyewe tunataka ile ngumu ya ng'ombe iliyosindikwa kwa magome, kama ya miwati inayopandwa kule Njombe. Ikiloweshwa hulainika, tunaifinyanga juu ya kisu kilichofungwa nailoni, ikikauka inabaki na umbo hilo. Ngozi laini ya mikoba haishiki umbo, hata uibembeleze vipi.

Sime ni habari nyingine. Bapa lake hupanuka kuelekea nchani, na hapo penye upana ndipo panapopita kwanza mdomoni mwa ala. Kwa hiyo ala ya sime haiwezi kubana shingoni kama ya kisu cha jikoni. Ukiona inacheza kidogo, fundi hajakosea.

Ala isiwe kabati. Ngozi hunyonya maji na kuyashikilia kwenye chuma, na masika ya huku mnayajua. Osha kisu, kifute, na kama hukitumii kwa wiki kadhaa kiweke nje ya ala.

Ala mpya huchukua siku tatu kwa sababu ya kukauka. Kuongeza ukanda kwenye ala ya zamani ni siku moja, kama matundu hayajapanuka sana. Kisu uje nacho kimefungwa kwenye gazeti na boksi juu yake, tafadhali, hasa ukija na bodaboda.