Mmea wako unaokula wadudu haukufa kwa njaa

Mteja akija kitaluni na mmea wake umeanza kukauka, swali huwa lilelile: "Nzi nilikuwa naupa, mbona unakufa?" Nasi tunamuuliza: unamwagilia maji gani?

Mimea hii asili yake ni vinamasi na ardhi fukara yenye naitrojeni kidogo. Chakula inajitengenezea kwa jua kama mmea mwingine wowote. Mdudu kwake ni mbolea. Mizizi yake haihimili chumvi. Sasa chukua maji ya kisima ya Dar es Salaam, ambayo mengine ukionja tu unaijua chumvi yake, uyamwage kila siku kwenye chungu kidogo. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, ujue mizizi iko taabani.

Wengi hutuambia wameyachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, chumvi inazidi kukolea. Maji ya chupa nayo mara nyingi yana madini. Maji tunayoyaamini ni ya mvua. Kinga wakati wa masika, hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko ili mbu wasizaliane. Mvua zikikatika, tumia yale yanayodondoka kwenye AC, kwa sababu ni mvuke wa hewani uliopoa na madini yake ni machache mno. Ila usiyakinge fundi akiwa ametoka kuisafisha kwa dawa. Ukiwa na kipimo, yasizidi miligramu 50 za madini kwa lita.

Udongo nao ni hivyohivyo: samadi hapana, mbolea ya dukani hapana, mchanga wa baharini ndiyo kabisa usiuguse. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa, lakini huku pwani mengi yamevundikwa kwenye tope la bahari, kwa hiyo yaloweke na kuyasuuza kwa maji ya mvua mara nyingi kabla ya kupanda.

Kuhusu aina, tunakwambia ukweli kabla hujalipa. Dionaea, ule wenye mtego unaojifunga, kwao ni Carolina, Marekani, na unahitaji miezi 3 hadi 4 ya baridi kila mwaka ili upumzike. Joto la Dar haliupi nafasi hiyo, hivyo hudhoofika. Ndani ya mtego kuna vinywele; vikiguswa mara 2 ndani ya sekunde 20 hivi, unafunga. Watoto wakiuchezea kwa kijiti, unapoteza nguvu bure.

Anayeanza tunampa Drosera, wenye majani yanayong'aa matone ya gundi. Drosera madagascariensis huota wenyewe kwenye sehemu chepechepe za Tanzania, lakini tafadhali usiende kuing'oa porini. Tunaotesha kwa mbegu. Uweke juani, chungu kikae kwenye sahani yenye maji ya sentimita 1 au 2. Nepenthes za nyanda za chini, zile zenye vibuyu vinavyoning'inia, hupenda joto na unyevu wa pwani, ila hizo usiziache zisimame kwenye maji.

Kama mmea wako unasinyaa sasa hivi, usiuongezee chochote. Njoo nao pamoja na chungu chake, na chupa ndogo ya maji unayotumia. Tutayapima hapohapo ukiona.